Rejeta ya Lori na Kikombe cha Kuonja

Nimeletewa habari kwamba yule mama wa Elburgon amefariki, na tangu hapo kalamu imekataa kuandika jambo jingine. Hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alipika chang'aa, ile pombe kali ya mvuke. Miaka ile ya hamsini tulitenganishwa na ukuta mmoja katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Mumewe alishika msumeno, na mshahara wake haukufika hata kwenye karo ya watoto. Basi mama akawasha moto.

Mtambo wake wa kwanza ulikuwa chungu, bakuli la kukingia ndani yake, na sufuria ya maji baridi juu. Mvuke ulipotelea pembeni, pombe ikadondoka kwa maringo. Mama hakukubali kushindwa na chungu. Akaziba pembeni kwa unga uliokandwa, wapi! Ndipo akapata rejeta ya lori bovu la magogo, akaiunganisha na pipa, akailaza kwenye kijito mvuke upoe. Lo! Pombe ikatiririka, na wanywaji wakaja hata kutoka Molo. Sasa, kwa desturi yetu mpishi huonja kwanza mbele ya wateja, waone hakuna sumu. Mama alikuwa mtu wa kanisa, hanywi, kwa hiyo kuonja ikawa kazi ya mumewe. "Baba watoto, maliza kikombe chote, watu wanakutazama," alikuwa akimwambia. "Wee mama, hii ni kali!" naye alikuwa akijibu, na sisi sote tukicheka.

Baadaye tumbo likaanza kumsokota yule bwana. Kisha mikono ikalegea, viganja vikawa vinaning'inia, msumeno ukamshinda. Mama akaamini mtambo umechafuka. Akaisugua rejeta, akabadilisha bomba, akapika upya, na kila alipotengeneza alimpa mumewe aonje kama pombe imekuwa nzuri. Wateja walikuja na kwenda, lakini mumewe hakukosa kuonja pishi hata moja. Dresa wa zahanati alipoitwa mwishowe, alimfunua midomo akaona fizi zimepigwa mstari mweusi, akateremka mpaka kijitoni. "Mama, hii rejeta imeungwa kwa madini ya risasi," akasema. "Pombe inaila ile risasi, na mzee anaimeza. Ni sumu." Tulimzika kabla ya mvua. Mama alirudia neno moja tu: "Mimi ndiye niliyemwambia amalize."

Nimezeeka nikiona kila kitu kikiboreshwa, mashine, mbegu, dawa, na sisi tunapiga makofi kwa sababu kinatoa kwa wingi na kwa haraka. Yule mama hakuwa mjinga wala mkatili. Alikuwa na watoto wa kusomesha, akakodolea macho kile kilichodondoka. Wasomaji wangu, mkiletewa kitu kipya, mtazameni kwanza mtu anayejaribiwa nacho, mikono yake, macho yake, namna anavyokula. Nimelisema hili mara nyingi. Watu huitikia kwa kichwa, halafu huuliza kinatoa kiasi gani kwa siku.