Nilivyomkanda Baba Mkwe Bila Ruhusa ya Ukoo

Nilimgusa baba mkwe wangu mgongoni, akiwa hana shati, kwa mikono yangu yote miwili.

Kabla hujaanza kunitukana kwenye maoni, soma mpaka mwisho. Majina nimebadilisha. Mgongo sijabadilisha.

Mimi ni mtaalamu wa masaji. Nimesoma chuo, nimefaulu, cheti kipo ukutani. Nina chumba changu Kasulu mjini, jirani na duka la vitenge la Zuhra. Ndani kuna kitanda cha kukandia, mashuka safi, mafuta na pazia. Hakuna taa nyekundu. Naandika hivyo kwa sababu najua mtauliza.

Masaji ina utaratibu. Kwanza unamuuliza mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini. Kisha unapapasa taratibu, mwili ukuzoee. Kisha unakanda. Ukiona msuli umekubali, ndipo unabonyeza penye fundo.

Anayeanza na kubonyeza hajakanda. Amepigana.

Wateja nilikuwa nao. Halafu baba mkwe akapandisha gunia la mahindi kwenye baiskeli, kiuno kikakamata, akabaki vile vile alivyoinama. Hospitali walimpima, wakasema mifupa ni mizima, ni misuli.

Kila siku ya gulio alikuja mjini kutoka Makere, macho yanatazama viatu vyake. Alipopita mbele ya mlango wangu, watu walisoma kibao changu, wakamtazama yeye, wakacheka.

Zuhra hakunificha.

"Dada Claudine, biashara yako hiyo inapita, imeinama."

"Siwezi kumgusa. Ni baba mkwe."

"Watu hawajui hayo. Wanasema kama wa nyumbani kamshinda, wa kuja itakuwaje? Jana wawili wamefika mlangoni kwako, wamegeuza."

Ilikuwa kweli. Benchi langu sasa walipumzikia wauza karanga.

Niwaeleze wasiojua. Katika ukoo wa mume wangu, mkamwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono. Hatamki jina lake, ndiyo maana hapa hutaliona. Akiwa na neno naye, analipitisha kwa mtu mwingine, hata kama mzee amekaa hapo hapo na anasikia.

Mume wangu, Nsabimana, akaomba kikao. Msemaji wa ukoo ni mdogo wake baba mkwe, Baba Bazilio, anayeishi Kibondo. Alikuja Makere na koti, akafungua kikao kwa sala, akaanza kutunga sheria.

"Akivaa glovu?" Nsabimana aliuliza.

"Glovu ina vidole. Vidole ni vya nani?"

"Vya kwake."

"Basi amegusa."

"Akitumia kiwiko? Chuoni wanafundishwa kiwiko."

"Kiwiko kimeota wapi? Kwenye mgomba?"

Wazee wakapiga makofi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa pembeni, ameinama. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Uamuzi ukatoka. Nsabimana atamkanda baba yake. Mimi nitasimama nyuma ya pazia, nielekeze kwa mdomo.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti.

Siku ya kwanza, chumbani kwangu mjini, ilikwenda hivi.

"Muulize baba kama miguu inakufa ganzi," nilisema nyuma ya pazia.

"Baba, miguu inakufa ganzi?"

"Mwambie haifi."

"Muulize kama haja ndogo inatoka sawasawa."

Nikasikia Nsabimana anafungua na kufunga chupa ya mafuta.

"Nsabimana, muulize."

"Hilo siulizi, Claudine. Huyu ni baba yangu."

"Mwambie inatoka," mzee akasema mwenyewe.

"Vizuri. Sasa papasa kutoka kiunoni kwenda mabegani. Polepole."

Nikasikia kitanda kinalia kama geti.

"Yampaye inka weee!" mzee akapiga yowe. "Mwambie mkeo mwanangu ananiua!"

Nikachungulia. Nsabimana alikuwa amekunja ngumi, jasho linamtiririka, anamsukuma baba yake kama gari lililokwama kwenye tope la Busunzu.

Mzee alikuwa amelala kifudifudi. Nikavua viatu nisisikike, nikapita pazia, nikamsogeza mume wangu kwenye kona na kumwonyesha kidole mdomoni.

Kisha nikaweka viganja vyangu.

"Endelea kuongea," nilimnong'oneza.

"Sasa, baba, ninafanya... ninafanya polepole," Nsabimana akasema, mikono mfukoni.

Nami nikageuza uso kuelekea pazia ili sauti isikike inatoka huko, nikaendelea kuielekeza kwa sauti mikono yangu mwenyewe.

Nilipapasa mpaka pumzi yake ikawa ndefu. Nikakanda. Upande wa kushoto, juu ya nyonga, nikalikuta fundo, gumu kama mbegu ya parachichi. Nikaliwekea kidole gumba, nikasubiri. Hapo hutumii nguvu. Unasubiri msuli uchoke kubisha.

Ukachoka.

"Eee," mzee akasema. "Sasa mwanangu umejifunza."

Tuliendelea hivyo kila alipokuja. Mwezi haukuisha, baba mkwe akatembea wima sokoni.

Nikafungua mlango mapema kungoja wateja. Walikuja wengi.

Walimtaka Nsabimana.

"Yule mwenye mikono," walisema. "Mama, tuitie fundi."

Nikasema fundi anachomelea. Wakamfuata huko huko.

Kibaya zaidi, Nsabimana mwenyewe akaanza kuamini. Nilimkuta barazani kwa Zuhra akiwahutubia vijana wa bodaboda.

"Msuli, wadogo zangu, haulazimishwi. Unasikilizwa."

"Dah, bro, wewe ni noma!"

Zuhra akanitazama. Nikatazama vitenge.

Nyumbani nilimwambia wazi. "Waambie ukweli, la sivyo nafunga chumba. Siwezi kukaa na cheti ukutani nikitumwa kuita fundi wa mageti."

"Nikisema, Baba Bazilio atakurudisha kwenu. Watasema umemvunjia mzee heshima."

Hapo hakukosea. Nikabaki kuchagua: nipoteze chumba au ndoa.

Kabla sijaamua, gari la kutoka Kibondo likamshusha Baba Bazilio. Kichwa kilikuwa kimegeukia begani na kugoma kurudi. Aliingia kwangu na baba mkwe, akasalimia ukuta.

"Nimelala vibaya. Niitieni Nsabimana."

Nsabimana akaja. Akaitazama shingo. Akaitazama mikono yake. Akakunja ngumi.

Hapo nikasahau ndoa. Shingo si kiuno. Asiyejua anaweza kuumiza mtu vibaya.

"Nsabimana, mwambie baba mdogo kwamba wewe hutamgusa shingo."

"Kwa nini?" Bazilio akauliza ukuta. "Kwa baba yake aliweza!"

Nsabimana akakunjua ngumi. Kisha baba mkwe akakohoa, akatazama dirishani.

"Nsabimana, mwambie mkeo kwamba kitanda chake kina tundu la kuwekea uso."

"Ego, baba, lipo. La kupumulia," Nsabimana akasema.

"Mwambie mtu akilala pale anaona chini. Mimi nilikuwa naona miguu. Mwanangu hapaki kucha rangi."

Nikatazama miguu yangu, kucha nyekundu zote kumi.

"Kaka!" Bazilio akaruka, shingo ikamrudisha. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilikuwa napona."

Bazilio akafikiri. Nimewaona wanasheria wachache maishani mwangu. Hakuna aliyefikiri kwa kasi ile.

"Sheria," akasema, "inamtaja baba mkwe. Mimi ni baba mdogo."

"Baba mdogo naye ni baba," Nsabimana akasema. Nadhani alikuwa anatetea ajira yake mpya.

"Nyamaza. Kachomelee."

Akavua koti. Nikamlaza chali, kwa sababu shingo iliyokamata hailazwi kifudifudi. Akafumbua macho, akaniona juu yake, akafumba haraka.

"Nsabimana, mwambie mkeo anifunike uso. Sitaki kuona."

Zuhra akaleta kitenge kipya, akasimama mlangoni kushuhudia. Nikaanza kama nilivyofundishwa. Nikauliza. Nikapapasa. Nikasubiri.

Baba Bazilio alitoka nje akigeuza kichwa kulia na kushoto, kama dereva anayevuka njia panda. Watu wa benchi wakasimama.

"Mzee, nani kakutengeneza?"

"Sijui," alisema. "Sikuona."

"Mimi nimeona!" Zuhra akapiga kelele. "Ni Claudine! Na yule mzee wa Makere ni yeye alimnyoosha, msidanganywe!"

Wote wakamgeukia baba mkwe. Hakukanusha. Alisogea mwisho wa benchi, akawapisha wateja wangu wakae.

Funzo langu ni fupi. Ukikuta sheria imekaza, usipoteze nguvu kuibonyeza. Subiri aliyeitunga akamatwe na shingo.

Na kama shingo ni yako, karibu Kasulu. Kitenge kipo.