Kabla ya Kupitisha Mkasi

Binti, mtoto wa mwisho, hajawahi kumwona mama yake, fundi cherehani, akikata kitambaa kabla mteja hajasoma vipimo vyake mwenyewe, kwa sauti, kutoka kwenye daftari. Fundi husubiri amebana pini midomoni, kidole kikifuata mistari. Mteja akinong'ona, humrudisha mwanzo. "Nikishapitisha mkasi usije ukanililia," husema, nao hucheka, lakini husoma.

Jumapili moja fundi aliwaita wanawe wote wawili kwenye chumba cha kushonea, akamsukumia mkubwa, wa kiume, daftari lilelile.

"Soma."

Akautupia ukurasa jicho. "Mama, unajichulia kifo."

"Nina gauni la bibi harusi la kumaliza, siendi popote. Soma, baba."

Akasoma. Madaktari wakisema hatapona, asiwekewe mashine ya kupumulia. Apewe dawa za maumivu, arudishwe nyumbani. Akiwa hajiwezi, wa kumsemea ni binti yake. Mstari huo wa mwisho aliunong'ona.

"Mimi ndiye kifungua mimba, mama."

"Ndiyo. Na wewe hutakubali kuniacha niende."

Binti hakuthubutu kuinua macho. Alijua ugomvi unakuja. Kaka yake akakohoa, akarudi mwanzo bila kuambiwa, akasoma yote kwa sauti iliyojaa chumba, hakuruka neno. Mama alikuwa amekaa wima, akimtazama kama anavyotazama nguo iliyomkaa mtu sawasawa. Kisha kaka akamkabidhi dada yake daftari.

"Shika, mdogo wangu. Siku hiyo nikikubishia, nisomee."