Neno Ambalo Mama Hakurekodi

Nilizaliwa na mtindio wa ubongo, na kati ya viungo vyangu vyote ulimi ndio uliokuwa mvivu zaidi. Hadi nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa nimesikiliza upuuzi mwingi wa watu wazima bila kuujibu hata mara moja.

Kisha mwalimu wa darasa letu maalum akaniletea tableti nyumbani kwetu, mtaa wa Tassia. Ukigusa picha, inasema neno. Ila sauti iliyokuja nayo ilisoma Kiswahili kama mtalii aliyemeza pilipili, kwa hiyo mwalimu akamshauri mama aweke sauti yake mwenyewe.

Mama alikuwa mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo, mtaa wa Baba Dogo. Jumamosi mchana alipotoka kazini aliketi kitandani akarekodi. Asante. Ndiyo. Naomba maji. Nimeshiba. Choo. Mungu ni mwema. Alipomaliza alinifuta mate, akaniambia sasa naweza kusema chochote. Nikazitazama zile picha. Alikuwa amenipa mdomo wa mtoto mwenye adabu, mtoto ambaye sijawahi kukutana naye.

Wiki iliyofuata shangazi alinisuka nywele kwa nguvu za kufunga gunia, nami nikasema Mungu ni mwema.

Jumapili wakaja wanawake wanne wa kanisani. Walikuja kila mwezi kunitoa mapepo, kwa upendo mkubwa na chupa ya mafuta ya kupikia iliyoombewa. Kiongozi wao alifurahi kusikia nina mashine ya kusema. Akaniinamia.

"Mtoto mzuri, unataka tukuombee?"

Nikatafuta, nikatafuta. Nikagusa, "Choo."

Mama akanibeba, tableti ikining'inia shingoni mwangu kwa kamba, hadi choo cha pamoja mwisho wa korido. Sikufanya lolote. Tukarudi, mikono ikawekwa kichwani pangu, mafuta yakaanza kunitiririka shingoni. "Choo." Safari ya tatu mama alikuwa anahema. Alifunga mlango, akaniegemeza ukutani, akauliza kama kweli nimebanwa au ninamchezea. Nikagusa, "Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Nikaelekeza macho kule zilikotoka nyimbo za wale wanawake.

Nilidhani atanichapa. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikamwishia, machozi yakamlengalenga. Akasema miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza. Akachukua tableti, akachagua picha ya kiganja kilichoinuliwa, na kwa kuwa jirani alikuwa nje anagonga akitaka zamu yake, akanong'ona: "Sitaki."

Tuliporudi, kiongozi akainua chupa. Nikagusa. Mnong'ono wenye mwangwi wa choo ukasema, "Sitaki." Wanawake wawili wakarudi nyuma, na mmoja akatangaza kwamba pepo sasa limejitambulisha.

"Hapana," mama akasema. "Sauti ni yangu. Neno ni lake."

Wakanywa chai haraka wakaenda. Hawakurudi kuniombea, ingawa kiongozi wao hunisalimia sokoni, kwa mbali.

Mama aliendelea kurekodi: niache, mwongo, na neno moja alilonisihi nisilitumie mbele ya mwalimu. Tangu hapo tunagombana kwa sauti moja, yeye akifoka kutoka jikoni, mimi nikimjibu kwa koo lake mwenyewe, na majirani wapya hudhani huyu mama wa watu anajibizana na nafsi yake.