Kikapu cha Jumamosi

"Na wewe ukiondoka, kikapu tumpe nani?"

Bibi aliniuliza hivyo Jumamosi moja alasiri, ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi, na wala hakuinua kichwa. Siku hizo nilikuwa na jibu la kila kitu. Nilikuwa nikibishana naye juu ya mahari, juu ya majini, juu ya kwa nini mwanamke mwenye mimba akatazwe mayai huku kuku wamejaa uani. Lakini swali lile lilinikuta nimeshika vitunguu, nikabaki navyo mkononi.

Kikapu chenyewe kilikuwa cha ukindu, chenye mikono mirefu, na pale chini kilipotoboka kilitiwa kiraka cha leso. Nyumbani kwetu Msambweni, mwenye kikapu ndiye aliyejua tutakula nini. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, na tangu hapo kikapu kilikuwa cha mama. Alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja Diani. Alfajiri alikwenda kwenye mashuka na mataulo ya wageni, jioni akarudi vidole vimekunjamana kwa maji, na siku yake ya mapumziko akaitumia sokoni.

Nilipomaliza chuo nilirudi na shahada ya uchumi. Nikaanza kutuma maombi ya kazi kwa simu, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, nikakaa. Asubuhi nilikuwa nikizungukazunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha Jumamosi moja nikaamka na kukuta kikapu kimewekwa kando ya kitanda changu, na ndani yake pesa za wiki zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Mama alikuwa mlangoni anavaa viatu.

"Umesomea uchumi," aliniambia. "Haya, uchume."

Akacheka mwenyewe, akaenda zake kazini, maana wiki hiyo alipewa zamu hata siku yake ya mapumziko. Mimi nilidhani ni mambo ya wiki moja.

Tulikuwa wanne. Bibi alikuwa na sukari, kwa hiyo wali haukumfaa kila siku, ingawa yeye hakukubaliana na daktari na alisema wazi kwamba daktari ni mtoto wa juzi. Mama alitaka mchuzi, kitu cha kulowesha tonge, kwa sababu akirudi kazini alikuwa hana nguvu ya kutafuna. Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na anangoja matokeo. Huyo alikula chochote, tena alikuwa na tabia ya kusimama juu ya sufuria akionja na kusema hapa pamekosekana ndimu. Nilikuwa nikimfukuza.

Nilianza kazi ile kwa maswali, kama ilivyo desturi yangu. Kwa nini tunanunua mafuta ya kupima kila jioni, ilhali dumu zima ni nafuu? Nikanunua dumu. Kabla ya Jumanne mtaa mzima ulikuwa na habari. Jirani wa kushoto alileta kikombe, wa nyuma akaleta chupa, wote kwa salamu ndefu za heshima, na bibi akawamiminia huku akiwauliza watoto hawajambo. Dumu likaisha mapema kuliko yale ya kupima. Nilipolalamika, bibi alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sasa ulitaka niseme hatuna, na wao wamekuona umelibeba?"

Kumbe mafuta ya kupima yalikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo hakuna aliyenifundisha darasani. Nikarudi kwenye kupima. Lakini sikuacha kuuliza. Kwa nini Ijumaa lazima iwe pilau, hata kama wiki nzima tutakuwa tunalipia pilau hiyo kwa mchicha? Kwa nini watu wakiulizana wamekula nini hawataji sima, wanataja kitoweo peke yake, kana kwamba sima ilijileta? Mama alisema ninauliza maswali ya mtu aliyeshiba.

Ndipo nikaandika ratiba. Siku saba, chakula cha mchana na cha jioni, kwa kalamu nyekundu na buluu, nikaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Bibi hakuweza kuisoma vizuri kwa macho yake, akaomba asomewe. Nilipofika Jumapili ijayo akaninyamazisha. Alisema si adabu mtu kutangaza atakachokula Jumapili kana kwamba ameahidiwa kufika. Hakuniacha mpaka nilipoandika "Inshallah" chini ya karatasi, kwa herufi kubwa. Tangu siku hiyo akaacha kuiita ratiba, akaiita khutba. Asubuhi nikiingia jikoni, nikimwamkia shikamoo, alijibu marahaba kisha akauliza, "Mke mwenzangu, khutba ya leo inasemaje?"

Wiki ya kwanza ya khutba, Jumatano niliandika pweza wa nazi. Jumatano ikafika, nikateremka pwani, sikuona pweza hata mmoja. Maji yalikuwa mafu, miamba haikuachwa wazi, na wale wanaokwenda kuchokoa pweza walikuwa wamekaa kivulini wanacheza bao. Nikarudi na kipande cha papa mkavu.

"Ulimwandikia pweza siku ya kuja," bibi alisema. "Na yeye ameisoma?"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mdogo wangu akachukua kalamu na kuandika kando ya Jumatano, kwa mwandiko mdogo: pweza ana udhuru. Karatasi ile ilikaa hivyo hivyo wiki kadhaa. Nilicheka nao, na ningependa kusema kwamba kicheko hicho kilinitosha.

Shida ni kwamba nikawa hodari. Nilijifunza kuandika "samaki" siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, na "mbaazi" siku za maji mafu, nikawa ninatazama mwezi kabla ya kutazama kalenda. Nilijua siku ambazo malori ya vitunguu na mchele yalikuwa yanapita kutoka Lunga Lunga, na ni muuzaji gani wa Ukunda anayeshusha bei jua likianza kuwa kali. Sima iliyobaki niliigeuza kifungua kinywa. Kisamvu nilikichuma mwenyewe nyuma ya nyumba, na muhogo wa shina lile lile ukawa chakula cha bibi. Pesa za Jumamosi, ambazo zamani zilikuwa zinaishia Alhamisi na kumwacha mama anakopa, sasa zilifika Jumamosi nyingine zimebaki sarafu.

Mama alianza kunisifu kazini. Wenzake wa kufulia wakamtuma maswali aniletee: mwenye watoto sita apike nini, mwenye mume asiyekula mbaazi afanyeje. Nikawajibu. Kila jibu zuri lilikuwa msumari mwingine. Kadiri kikapu kilivyonikaa vizuri begani, ndivyo kila mtu alivyozidi kusahau kwamba kiliwahi kuwa cha mtu mwingine, au kwamba mimi niliwahi kuwa na mipango isiyokuwa na vitunguu ndani yake.

Nilikuwa nikifungua simu nisome makala ya mambo ya nchi, na aya ya pili tu nikajikuta ninahesabu nyanya. Nilianza kuwaona watu kama sahani. Mgeni akipiga hodi, kabla sijamwamkia nilikuwa nimeshampunguzia kila mtu tonge mbili. Nilijua Alhamisi nitakula nini, na Alhamisi ya baadaye, na nyingine. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanaweka picha za ofisini, za mvua za Nairobi, za mikutano. Mimi nilikuwa ninapita njia ile ile ya mchanga, kikapu begani, na akina mama waliokaa vibarazani walikuwa wameacha kuniuliza nimepata kazi. Waliniuliza bei ya viazi.

Kisha simu ikapigwa. Ilikuwa kampuni moja ya nafaka huko Nakuru, niliyoiandikia zamani mpaka nikaisahau. Walitaka msaidizi wa mtu wa hesabu za ghala, mkataba wa mwaka mmoja. Nilikuwa nyuma ya jiko ninaosha dagaa. Nilimsikiliza yule mwanamke upande wa pili huku maji ya dagaa yananitiririka mpaka kiwiko, nikasema ninashukuru sana, nikaomba kujibu Jumatatu. Sikumwambia mtu. Nilitaka kwanza nijiulize mwenyewe, na kila nilipojiuliza nilifika mahali pamoja: Jumamosi. Jumamosi nitakapokuwa Nakuru, nani atakwenda sokoni? Mama tena, na siku yake pekee ya kulala? Bibi, na miguu yake?

Bibi hakuona vizuri, lakini masikio yake yalikuwa hayana kasoro. Ndipo Jumamosi ile akauliza swali lake, juu ya mbuzi, nazi inanyesha kwenye sinia.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kizingitini na ungo mapajani, anachagua mchele. Sikumtazama. Nilikuwa bado ninatafuta la kusema aliponisaidia, au hivyo ndivyo nilivyoelewa.

"Nipeni mimi," alisema.

Alisema polepole, macho yake kwenye mchele. Sauti ile niliifahamu, au nilidhani ninaifahamu. Niliwajua wasichana wa mtaani kwetu waliosema nipeni mimi wakiwa wanangoja matokeo, na matokeo yakaja, na wao wakawa bado wako sokoni. Nilimwona mdogo wangu kwenye ile njia ya mchanga, kikapu begani, akina mama wakimuuliza bei ya viazi. Yaani mlango wangu ungefunguka kwa kumfungia yeye ndani.

"Wewe unangoja matokeo," nikamwambia. "Wewe utakwenda chuo."

"Chuo na kikapu vina ugomvi gani?"

"Utauona."

Akapeta mchele mara moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, punje zikaruka nje ya ungo na kuku wakaja mbio. Bibi aliacha kukuna. Alituangalia sote wawili, mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyeweka chakula mezani na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mke mwenzangu," alisema, "hujanijibu."

"Siondoki," nikasema.

Jumatatu nikapiga simu Nakuru. Nilikuwa nimejipanga kwa sababu zote: mama na zamu zake, bibi na sukari yake, mdogo wangu na maisha yake ya mbele. Yule mwanamke hakuniuliza hata moja. Alisema sawa, asante kwa kutujulisha, na simu ikakatika. Nikarudisha simu mfukoni nikaenda kubandika mbaazi, kwa sababu ratiba ilisema mbaazi.

Mama alirudi jioni, akavua viatu, akauliza leo kuna nini. Nilimpakulia. Alikula, akaongezwa, akasema kule kazini hakuna mwenye binti kama wake. Nilimtazama akilamba mchuzi wa nazi vidoleni, furaha imemkaa usoni, nikataka kumwambia. Nikaona nikimwambia nitakuwa nimemtilia mchanga chakulani. Nikaenda kuosha sufuria.

Nilikaa na kikapu mwaka huo wote na sehemu kubwa ya uliofuata. Matokeo ya mdogo wangu yalikuja, akaenda chuo Mombasa kusomea upishi wa hoteli. Nilijiambia kwamba nimefanya vyema, kwamba nimemnunulia njia. Siku ngumu, kikapu kikinikata bega njiani kutoka sokoni, nilikuwa nikijirudishia maneno hayo. Yalinisaidia kutembea, lakini hayakunizuia kumwonea wivu. Akirudi likizo alinikuta jikoni, akasimama juu ya sufuria yangu na kusema hapa pamekosekana ndimu, na mimi nikamfukuza kama zamani, kwa hasira ambayo yeye hakuielewa wala mimi sikuieleza.

Kazi ilikuja kupatikana baadaye, si Nakuru, si ya nafaka, na nikaondoka. Bibi ametutoka, Mungu amrehemu. Mama amepumzika kazi ya kufulia. Mdogo wangu ni mpishi katika hoteli moja Diani, na mwaka jana nilipokwenda kumtembelea alinipikia pweza wa nazi, akaniambia kwa dharau ya kitaalamu kwamba leo hana udhuru. Tukacheka. Kikapu kilikuwa kimetundikwa ukutani kwake, kiraka cha leso kimefifia. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza, habari ya Nakuru na kwa nini sikwenda.

Aliweka kijiko chini. Akaniambia kwamba kabla ya Jumamosi ile alikuwa ameshakwenda kwa mama mara mbili, mbele ya bibi, kumwomba kikapu. Alikitaka tangu utotoni. Na mara zote mbili mama alimjibu: "Mwachie dada yako. Hana kingine cha kushika."