Mwaka Nyundo Alipolipia Hasira Zake

Kaka yangu alimvunja mteja taya, na safari ya watoto ikavunjika siku hiyo hiyo. Sisemi alimpiga, maana kupiga alikuwa anapiga kila wiki. Huyu alimvunja. Mtu kaja gereji kuchukua gari lake, kapitisha kidole kwenye mlango ulionyooshwa, kasema, "Hii ni kazi au matusi?" Kabla hajafunga mdomo, mdomo wenyewe ukawa haufungiki tena.

Kaka ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Wanamwita Nyundo, na jina hilo alilipata kabla hajashika nyundo yoyote. Tangu tukiwa wadogo majibu yake yote yalikuwa kwenye ngumi, na mimi mdogo wake nina pengo la kuthibitisha hilo. Nafua na kupiga pasi nguo za watu, chumba changu na cha kaka na mkewe vinatenganishwa na ukuta mmoja. Wala sijifanyi malaika. Damu yetu ni moja, ila hasira zangu mimi hutokea mdomoni.

Pesa zilizokwenda kumtibu yule mteja zilikuwa za bustani ya bembea, ile kubwa ya mji wa pili, yenye gurudumu linalopandisha watu juu kuliko maghorofa. Watoto walikuwa wameshawatangazia wenzao shuleni. Mkubwa, binti, alinuna. Mdogo alilia mpaka akatapika. Wifi yangu hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia mumewe nikisikia:

"Leo siondoki. Lakini ukimpiga mtu mwingine, yeyote yule, nachukua watoto wangu naenda. Sikai nyumba moja na mtu anayepiga watu."

Nyundo hakuwahi kumgusa yeye wala watoto, hilo nalisema kwa haki. Lakini akinyoosha mkono kuchukua chumvi rafuni, wale watoto walikuwa wanajikunja. Wifi alishaliona hilo. Nami nilishaliona, nikanyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu.

Basi kesho yake kaka akachukua vipande vya bati gumu, akachomelea sanduku. Hakuweka kifuniko wala bawaba, ni mwanya mmoja tu juu wa kupitisha noti. Akaliweka pembeni mwa meza yake ya kazi, akawatangazia mafundi wenzake: kila mkono wake ukimwasha kupiga mtu, atalipa faini humo ndani, na faini zote ni za bembea ya watoto.

Loo, alijitafutia makubwa! Mafundi wale si watu wa kuambiwa jambo kama hilo. Walianza kumchokoza makusudi, eti wanawasaidia watoto. Mmoja wao, mpaka rangi za magari, ndiye alikuwa kinara. "Nyundo, huu mlango umenyooshwa au umekaliwa na tembo?" Kaka anavimba shingo, anatoka nje, anarudi, noti inaingia. "Nyundo, mkeo ndiye anayevaa suruali siku hizi?" Noti nyingine. Siku hiyo ya suruali aliligeukia boneti chakavu lililolala uani, akalitwanga mpaka jasho likamchuruzika na lile boneti halikuuzika hata kwa muuza vyuma. Viganja vilichubuka vikatoa damu. Lakini ilikuwa damu yake mwenyewe, na nyumbani alikula chakula chake kwa amani.

Mara moja tu nusura mambo yaharibike. Mpaka rangi alimtaja binti, akasema neno la kipuuzi ambalo sitalirudia. Nyundo akamkaba koo, akamnyanyua, akambandika kwenye geti la chuma mpaka miguu ikawa inaning'inia na macho yanataka kutoka. Watu wakapiga mayowe. Kisha, kama mtu anayeamshwa, akamwachia. Mpaka rangi akaanguka chini akikohoa. Nyundo akaenda kwenye sanduku akaingiza noti mbili. "Koo ni bei mara mbili," akasema. Na yule mpumbavu, bado kashika shingo, akajibu kwa sauti ya chura, "Wa... watafika tu, hao watoto." Wifi alipopata habari alikaa siku nzima akijiuliza kama kukaba ni kupiga. Akaamua si kupiga. Nadhani alitaka kubaki.

Huku nyumbani yeye ndiye aliyekuwa akipanga safari, na wifi akipanga jambo hata askari wangemwogopa. Alipiga simu kule bustanini akauliza maswali mpaka binti wa mapokezi akamjua kwa sauti. Akagundua kwamba siku za katikati ya wiki, shule zikiwa wazi, kiingilio hushuka na foleni huwa fupi. Akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya siku mbili mapema. Akagundua kwamba mtoto asiyefikia mstari uliochorwa kwenye nguzo ya mlangoni analipa nusu. Binti alikuwa anarefuka kila ukigeuka, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi alisimamishwa kwenye fremu ya mlango akapimwa. "Mwakani atakuwa ameupita," wifi akasema. "Ni mwaka huu au basi." Akauliza pia kama vyakula na maji ya nyumbani vinaruhusiwa kuingia, maana huko ndani chupa moja ya maji inauzwa bei ya kumfilisi mtu. Wakamwambia vinaruhusiwa.

Siku ya kufungua sanduku ikafika. Kulifungua ni kulikata, hakuna njia nyingine. Nyundo akachukua mashine ya kukatia, akavaa miwani, akaanza. Cheche zikaruka nje, nzuri kabisa, na nyingine zikaingia ndani. Fundi wa miaka yote hiyo, mtu anayefukuza wenzake wasikate tangi lililowahi kuwa na petroli, alisahau kwamba karatasi nayo inaungua! Moshi ukatoka kwenye mwanya. Akatupa mashine, akapiga lile sanduku teke, akalipiga la pili, halikufunguka, maana alilichomelea mwenyewe na kazi yake haifumuki. Mtu akaja na ndoo ya maji akamimina. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na gereji nzima ilicheka mpaka watu wakakaa chini. Kaka akainua nyundo. Wakanyamaza. Akaishusha polepole mezani, akaenda kukaa nyuma ya gari, akalia. Mtu mzima, na masizi usoni.

Sanduku lilipomalizwa kukatwa, noti za juu zilikuwa zimeteketea. Zilizoungua pembeni benki walizipokea kwa kununa. Wifi alizianika zilizobaki kwenye kamba yangu ya nguo, akazitazama, akasema, "Tunakwenda. Ila kwa bei nyingine."

Hoteli ya karibu na geti ikafutwa, tukachukua chumba kimoja vituo vitatu kabla, kwa mama mmoja anayepangisha wasafiri. Zawadi za kumbukumbu zikafutwa. Kila mtoto akapewa kiasi chake mkononi na kuambiwa kikiisha kimeisha, hakuna kuombaomba. Viatu vipya vikakatazwa, maana malengelenge yakitokea mchana utalazimika kununua vingine huko huko. Kisha wifi akagundua kwamba tiketi ya kundi la watu watano ni nafuu kuliko tiketi nne za mmoja mmoja. Ndivyo nilivyokwenda bembeani mimi, mwanamke wa umri wangu. Nilikwenda kwa sababu za kiuchumi.

Tuliingia geti lilipofunguliwa. Watu wote wakarundikana kwenye michezo ya mbele. Wifi akatuswaga moja kwa moja mpaka nyuma kabisa, ambako hapakuwa na mtu. Watoto walipanda kila kitu bila foleni. Nyundo alipanda kitreni cha kupinduka akashuka kakumbatia nguzo, binti yake akacheka mpaka akamwegemea tumboni. Sikuwahi kumwona akimwegemea vile. Kaka alisimama kama kajengewa hapo, hataki hata kupumua.

Mchana tukapanga foleni ya gurudumu kubwa, jua linawaka. Tulipokaribia mbele, likaja jitu moja lenye shati la kung'aa, limevuta mkono wa mwanamke wake, likatupita wote. Yule mtoto mdogo alikuwa njiani. Likamsukuma tu, halikutazama hata chini. Mtoto akaangukia chuma cha kizuizi, mdomo ukapasuka, damu ikatapakaa kifuani.

"Bwana," kaka akasema, "umemuumiza mtoto. Mwombe msamaha, urudi nyuma."

"Ukitaka, nitakurudisha wewe," jitu likajibu, likampiga kofi.

Nilisikia lile kofi kwenye meno yangu. Nikamtazama kaka. Mikono ilishapanda yenyewe, ngumi zimekunjwa, na nikasema kimoyomoyo, haya, ndoa imekwisha. Akaitazama mikono yake. Akaitia mifukoni kwa nguvu mpaka mshono wa mfuko mmoja ukafumuka. Jitu likampiga la pili, kisha ngumi ya tumbo. Kaka akajikunja, akatema mate, akasimama tena wima na mikono mifukoni. Watu wakaanza kucheka. "Mwanaume gani huyu?" mmoja akauliza. Binti alikuwa akimtazama baba yake bila kupepesa, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira na kutukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Jitu likainua mkono mara ya nne.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wifi alikuwa na mfuko wa chupa za maji, alizigandisha usiku kwenye friji ya mama mwenye nyumba ili tusinunue maji ya baridi. Aliuzungusha ule mfuko kwa mikono miwili ukampata yule mtu shavuni, akaanguka. Wifi akauinua tena, akampiga begani, akampiga mgongoni, barafu inapasuka ndani ya chupa, na jino limetoka liko chini kwenye saruji. Mwanamke wa jitu anapiga mayowe. Angeendelea. Wallahi angeendelea, kama Nyundo asingetoa mikono mifukoni na kumkumbatia kwa nyuma. "Basi, mke wangu. Basi. Basi."

Walinzi wakaja. Watu wale wale waliokuwa wakicheka wakatoa ushahidi kwamba jitu ndilo lililoanza, kwa hiyo polisi hawakuitwa. Lakini sheria ya bustani ni moja, anayepigana anatoka. Jitu likatolewa geti la nyuma, wifi geti la mbele. Kaka hakutakiwa kutoka. Akamfuta mdogo mdomo kwa shati lake, akaniambia, "Dada, wapandishe. Tiketi zimeshalipiwa," akamfuata mkewe.

Kwa hiyo nilipanda lile gurudumu, naogopa urefu, na watoto wawili pembeni. Tulipofika juu kabisa likasimama. Mji wote ulikuwa chini yetu, lakini watoto hawakuutazama. Walikuwa wanatafuta geti. Tukawaona wamekaa ukingoni mwa barabara, nje ya uzio, wifi kainama kafunika uso, kaka kashika mkono mmoja wa mkewe anaupuliza.

"Shangazi," binti akaniuliza, "sasa mama ndiye atakayeondoka?"

Mimi mwenye mdomo huu nikamwambia atazame mandhari.

Tuliposhuka alikimbia, nikashindwa kumzuia. Nilipofika getini nikihema alikuwa amesimama mbele ya wazazi wake, anamuuliza baba yake swali lile lile, kwa sauti ya juu, wapita njia wakisikia. Wifi hakuinua uso. Vidole vyake vilikuwa vimevimba.

Kaka alimtazama binti. Jicho lake moja lilikuwa linaziba.

"Mama yako amekaa na mimi miaka yote hiyo," akasema. "Mimi nishindwe kukaa naye kwa siku moja?"

Wifi akaanza kulia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia mwaka mzima. Kaka akanyanyua mkono wake haraka kumvuta karibu, na binti, aliyekuwa amesimama palepale chini ya mkono ule, hakujikunja.