Walivyompima Mama Yangu kwa Saa ya Mkononi

Sanduku lilipofunguliwa, harufu ya mpira mpya ilijaa chumba kizima cha shule yetu, ikaishinda harufu ya dagaa waliokuwa wakikauka nje na ya mavi ya popo waliokaa juu ya kenchi. Lilikuwa sanduku la bati, na ndani yake mlikuwa na tembo wa mpira, mpira wa rangi mbili na mwanasesere asiye na nguo. Mwenye sanduku alikuwa mzungu aliyetaka tumwite Dotora Helena, yaani daktari, ila wa vitabu. Alikuja kijijini kwetu, kando ya ghuba ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka ule vita vya zamani vilipokwisha na watu wakaanza kulima tena mbali na nyumba. Tuliambiwa amekuja kutazama jinsi wanawake wa pwani wanavyolea watoto, kwa sababu huko kwao kuna watu wanaotaka kujua. Nilikuwa na miaka kumi. Naandika haya kwa mkono wa mtu aliyeishia darasa la tatu, kwa hiyo msinidai ufundi. Nitataja majina, na jina langu nitalitaja pia mahali pake.

Mama yangu, Mwanaisha, alikuwa amenizaa mimi, kisha akazika watatu mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyefika kutambaa. Baba alikuwa Mtwara na mke mwingine. Kabla hajaondoka alimwachia mama mimba ya tano, na mtoto alipozaliwa, wanawake wa kwetu walifanya kinachofanywa kwa mama aliyekwisha kuzika wengi. Siku ya saba walimlaza juu ya ungo mbovu, wakampeleka jalalani nyuma ya nyumba, kwenye maganda ya muhogo na magamba ya samaki, wakamwacha hapo analia. Jirani yetu Bi Sauda akapita kama mtu mwenye safari zake, akamwokota, akaja mlangoni kwetu akapiga hodi. "Nimeokota mtoto huko jaani. Mwenyewe yuko wapi?" Mama, huku maziwa yanamlowesha nguo, akajibu kama ilivyopasa: "Sijui. Mimi sina mtoto." Kuanzia hapo mtoto akaitwa Jalala, akawa wa Bi Sauda, mpaka mvua mbili zipite juu ya kichwa chake. Mama asimwite mwanangu, asimbebe, asimtazame usoni mbele ya watu. Kifo kikija kuuliza, kikute mtoto huyu hana mwenyewe, kipite zake. Kunyonyesha alinyonyesha, lakini Bi Sauda ndiye aliyemleta na kumwambia, "Ninyonyeshee mwanangu, shoga," na mama akampokea amegeuza uso, kama anayemfanyia mtu kazi. Ila mimi nilimwona. Alipodhani yuko peke yake alichukua kitambaa alichobebewa Jalala, akakinusa kwa muda mrefu, akakirudisha palepale kwenye kamba kilipokuwa.

Kumbeba nilimbeba mimi. Bi Sauda alikuwa na shamba na magoti mabovu, kwa hiyo kutoka asubuhi mpaka alasiri Jalala alikuwa mgongoni mwangu. Wenzangu walikaa ndani wanaimba herufi, mimi nimesimama dirishani nje, natikisa mtoto. Mkojo wake ulinikaukia mgongoni. Nilijua herufi zote kwa kuzisikia, lakini sikujua hata moja inafanana na nini. Nilimpenda ndugu yangu, sitasema sikumpenda. Lakini nilitaka kuingia ndani nikae kama wao, na sikuona njia ya kuingia na mtoto mgongoni.

Utaratibu wa dotora ulikuwa hivi. Mama aingie na mtoto, amweke kwenye mkeka karibu na vile vitu vya mpira, yeye aketi kitini. Baadaye atoke nje. Dotora atazame saa yake ya mkononi, aandike mtoto amelia baada ya muda gani, na mama akirudi mtoto amefanya nini. Wanawake walipanga foleni tangu asubuhi, wanacheka, maana hakuna aliyewahi kuombwa atoke nje ili mwanawe alie. Zamu ya mama ilipofika, mimi niliingia nimembeba Jalala, nikamweka mkekani, nikakaa pembeni. Mama alikaa kitini amekunja mikono, anatazama ukuta. Akaambiwa atoke, akatoka. Jalala hakuinua hata kichwa, akaendelea kutafuna sikio la tembo. Dotora akaandika. Mama akarudi, Jalala akaendelea kutafuna. Dotora akaandika tena, safari hii kwa kirefu. Muda wote huo Bi Sauda alikuwa amesimama dirishani, viwiko juu ya ukuta, anachungulia. "Huyu mzungu," akasema kwa sauti, "anamwonea uchungu mtoto wangu au saa yake?" Wanawake nje wakaangua kicheko. Kisha akakumbuka chungu chake jikoni, akaondoka. Hapo ndipo Jalala alipotazama dirisha, akaliona tupu, akapiga ukelele wa kupasua koo, akatambaa mpaka ukutani, anakwaruza udongo kwa kucha. Dotora alikwisha kuifunika kalamu yake. Karatasi yake ilikuwa na nafasi ya mama mmoja, na mama huyo alikuwa amekwisha kupimwa.

Mkalimani wake alikuwa Abudu Chehe, kijana wa Palma aliyevaa shati limechomekwa na kalamu mbili mfukoni. Namtaja kwa sababu alijua. Mdogo wake mwenyewe aliitwa Mavumbi, naye aliokotwa jalalani kama Jalala, na Abudu alikuwepo siku hiyo. Angeweza kumweleza yule mwanamke kwa maneno machache. Aliona haya mbele ya mzungu, aliogopa aonekane mtu wa mambo ya kishenzi, basi akanyamaza na shati lake. Siku ya pili aliniita mimi. Walikuwa wanawauliza pia watoto wakubwa wanaolea wadogo, na hilo walilipatia kwa kweli, kwa sababu sisi ndio tuliojua kila kitu. Kabla hatujaingia aliniambia, kama mtu anayenitakia mema, "Wewe jibu unachoulizwa tu, usiongeze. Watoto wasiopendwa kwao watapelekwa kwenye kituo huko mjini, wakanywe maziwa, walale vitandani. Na wewe utapumzika mgongo, utasoma."

Hivyo ndivyo alivyosema, na mimi nikasikia neno moja tu la mwisho.

"Mama yako humbeba mtoto?" Hapana. "Mtoto akilia, mama humchukua?" Hapana. "Humwita mwanangu?" Hapana. "Anamwitaje?" Jalala. Abudu akatafsiri, dotora akainua uso, akanitazama kwa huruma nyingi, nami nikafurahi kutazamwa vile. "Mama mwenyewe anasemaje kuhusu mtoto huyu?" Anasema hana mtoto. Yote niliyojibu yalikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo mmoja mkubwa, na mimi mwenye miaka kumi nilijua. Kile kitambaa sikukisema. Sikuulizwa.

Baada ya wiki mbili lilikuja gari na ofisa wa serikali, na dotora ndani yake, macho mekundu kama mtu aliyelia njiani. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Bi Sauda alikuwa amevuka Ruvuma kwenda kumkanda binti yake aliyejifungua. Tuliitwa uwanjani mbele ya shule. Katibu wa kijiji, Faki Nampula, ndiye aliyesimama kuuliza, na Faki naye namtaja, maana alijua kuliko Abudu. Jalala alipookotwa yeye alikula wali wa siku hiyo. "Mwanaisha," akasema, "mbele ya watu hawa, mtoto huyu ni wako?"

Mvua ya pili ilikuwa haijanyesha. Mama akisema ni wake, amemkabidhi kwa kile kilichowachukua wale watatu. Akisema si wake, gari lile pale. Nilimwona akilowa jasho juu ya mdomo. Akasema, "Sina mtoto. Huyo ameokotwa." Kisha akageuka akanitazama mimi, mara moja tu. Mwiko ulikuwa juu ya mdomo wake yeye. Mtu mwingine yeyote angeweza kusema: ni wake, anamficha asife, mngojeeni mpaka mvua. Bibi mmoja mzee alianza, "Lakini nyie watu, si mnajua kwamba..." Faki akamkata. "Wewe bibi, mabati ya kuezekea shule waliyotuahidi hawa utatuletea wewe?" Bibi akarudi nyuma ya wenzake. Mama bado ananitazama. Ndugu yangu alikuwa mgongoni mwangu, amelala, mate yake ya moto yananitiririka shingoni.

Jina langu ni Zainabu binti Hamisi. Nilifungua fundo la kitambaa mwenyewe, nikampokeza ofisa mtoto.

Jumatatu iliyofuata niliingia darasani. Hakuna aliyenifukuza. Nilikaa benchi la mbele, nikajifunza kuandika, na kila nilipoinama kuandika, mgongo wangu ulikuwa mwepesi mpaka unauma. Nyumbani mama hakunigombeza, hakunipiga, hakuniuliza, alinipakulia chakula kama kawaida. Bi Sauda aliporudi ndiye aliyepiga mayowe kijiji kizima. Alikwenda kwa Faki akavua kilemba chake mbele ya msikiti kumlaani, lakini gari halikurudi. Mama hakuweza hata kumfuata mtoto, kwa sababu kumfuata ni kukiri. Akangoja mvua. Ilipokwisha ile ya pili, asubuhi moja alifagia uwanja, akaoga, akavaa kanga yake isiyovaliwa, akasimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Ni mwanangu. Nimemzaa mimi." Akasema mara tatu. Uwanja ulikuwa mtupu, kuku watatu na mimi. Kisha akafunga mzigo akaenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, siku nyingi za njia, kukitafuta kituo. Aliambiwa watoto wa mwaka ule walikwisha kugawiwa kwa watu wema, na kwamba kwenye karatasi za yule mtoto imeandikwa mama alimkataa mbele ya mashahidi. Darasa la tatu halikuisha nikaacha shule. Niliwaambia watu ni kwa sababu ya shamba.

Nimepata miaka mingi ya kuwafikiria wale watu na kazi yao. Zamani nilisema kosa lilikuwa saa, au tembo wa mpira, au Abudu. Sasa nasema dotora alikaa kwetu muda mfupi kuliko mvua moja, akataka kujua jambo linalohitaji mvua mbili. Aliuliza mama anafanya nini, asiulize anaogopa nini. Alimweka mtoto na mama ndani, akawafungia nje wale wengine wote waliokuwa wakimlea. Na aliponiita mimi nitoe ushahidi, hakuna aliyeniuliza: na wewe, msichana, unataka nini? Angeuliza hilo moja, ningelia, na yote yangetoka. Lakini naona haya hata ninapoyaandika haya, kwa sababu ninavyozidi kulipanga vizuri kosa lao ndivyo langu linavyopata mahali pa kujificha.

Vita hivi vya sasa vilitutoa kwetu, upande wa Palma, kwa miguu, mimi na mama na wajukuu zangu wawili. Mama alifia njiani, karibu na Awasse, akiwa amechoka tu, hakuumwa wala hakupigwa risasi. Hakunitajia Jalala hata siku ile. Tumerudi sasa, na watu wa maswali nao wamerudi, safari hii ni mabinti wetu wenyewe, wanazungumza kama sisi, wanaandika kwa kidole kwenye simu pana. Wiki iliyopita alikuja mmoja, Rehema, mtoto wa watu, akanipa shikamoo ya adabu, akaketi mkekani bila kusubiri kiti. Aliuliza nani huwaogesha wajukuu, nani huwalisha, nani huwachapa, na kila swali lilikuwa na nafasi ya majina mengi. Nikasema moyoni, basi wamejifunza kitu. Kisha akauliza ndugu zangu wa tumbo moja walio hai. Maisha yangu yote watu wakiniuliza hilo nimesema niko peke yangu.

"Mmoja," nikasema. "Mwanamume."

"Yuko hai, mama?"

"Sijui."

Akaikunjia simu uso. "Samahani, mama. Hapa hakuna sijui. Ni hai au amefariki, bila hivyo haitaki kuendelea."

Kidole chake kiko juu ya kioo, kinaningoja. Alikuwa na nyumba nyingine za kwenda, nami nilimwonea huruma.

"Weka hai," nikamwambia. Akagusa, tukaendelea na swali linalofuata, na nilikuwa nimekwisha kulijibu ndipo nilipoona nilichofanya. Nimemsemea tena ndugu yangu, na nimesema nilichotaka mimi.