Nguruwe wa Sherehe na Usingizi wa Doña Brígida

Kazi ya Doña Brígida ilikuwa kuwatengeneza akina Mtoto Yesu. Pale kwetu Atlixco, mji wa Mexico, kila nyumba ina sanamu yake, na kila mwezi wa pili sanamu hiyo lazima iende kanisani na nguo mpya, vidole vyote vikiwa mahali pake. Sasa watoto wa watu huangusha, paka hupitisha mkia, na mwaka ukizunguka Yesu anafika kwa Brígida bila pua. Ukiingia barazani kwake unawakuta wamelala chali mezani, wengine uchi, wengine wakisubiri gundi ikauke.

"Humu ndani wanaolala ni hawa tu," alikuwa akisema. "Mimi sijui hata usingizi una rangi gani."

Na kweli, tangu hedhi yake ilipokatika, usingizi nao uliondoka kana kwamba ulikuwa mpangaji wa hedhi. Mtu mwingine angehuzunika. Brígida akapata cheo. Kila asubuhi kwenye foleni ya chapati za mahindi alitupa taarifa: nani karudi saa ngapi, katokea upande gani, na alikuwa anaegemea ukuta upi. Wanaume wa mtaa wetu walimwogopa kuliko wake zao. Wake zao hulala, yeye halali.

Dawa alijaribu, usiseme hakujaribu. Alikunywa maji ya saladi iliyochemshwa mpaka akasema masikio yameanza kurefuka kama ya sungura. Alikunywa maua ya mchungwa. Alikunywa mizizi ya valeriani, inayonuka kama soksi za askari aliyetoka lindo, na ikawaleta mlangoni paka wa mtaa mzima, wakalia mpaka hata sisi tuliokuwa hatuumwi tukakosa usingizi. Shangazi yake alimpitisha yai bichi mwili mzima ili livute mabaya yote. Yai la namna hiyo hutupwa mbali. Brígida alilikaanga.

"Mayai ghali," alisema. "Hayo mabaya yalikuwa yangu, yanarudi kwao."

Padri naye alimwambia asali rozari kitandani. Akasali. Akifika katikati alikumbuka majirani, akaanza kumshtakia Mungu mmoja mmoja, na mpaka amalize kesi zote kumekucha.

Mshindani wake alikuwa mmoja tu: Filomena, jirani wa ukuta mmoja, mama wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Brígida. Yeye pia alidai halali.

"Jana nimepata saa moja tu, shoga," Filomena angesema.

"Saa moja nzima? Hongera! Mimi nimesinzia kidogo, tena kwa jicho moja."

"Ndiyo maana hilo lingine limevimba."

Ikawa hivyo miaka. Brígida hakumwamini hata siku moja. Alituambia Filomena analala kama gunia, ila anaona wivu.

Halafu siku ya gulio akapita kwa Nabor, muuza majani. Nabor hukaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa na huongea kana kwamba maneno yanatozwa ushuru. Alimsikiliza Brígida mpaka akachoka, kisha akamuuliza swali moja.

"Unameza vidonge vya presha?"

"Presha yangu mimi? Nzuri kama ya msichana!"

"Basi chukua majani ya mti wa sapote mweupe. Machache, kikombe kimoja. Kokwa za matunda yake usiguse, ni sumu. Na usizidishe ukadhani utaamka mrembo."

Akaenda, akachemsha, akanywa. Alipofungua macho jua lilikuwa limemkalia usoni. Alidhani amekufa. Jambo la kwanza lililomjia, alituambia baadaye, lilikuwa hasira: mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kulia?

Furaha hiyo hakumwambia mtu. Utamwambia nani? Mwanamke aliyejulikana mtaa mzima kwa kutolala hawezi kuamka asubuhi moja akawa kama wewe na mimi. Akaendelea kuja kwenye foleni, uso umenawiri kama wa bibi harusi, akijikunja na kupiga miayo ya uongo. Taarifa zake zikapoa. "Jana mbwa wamebweka sana," angesema. "Kuna mtu alipita." Tukadhani ameanza kuwa na huruma.

Ndipo nguruwe akapotea.

Alikuwa nguruwe wa sherehe ya mtakatifu wa mtaa. Tulimchangia sote, akanenepeshwa uani kwa Tiburcio, mwenyekiti wa sherehe, akawa na mashavu kama ya diwani. Asubuhi moja Tiburcio akakuta lango wazi na uwanja mtupu. Hakwenda polisi. Alikwenda moja kwa moja kwa Brígida, nasi nyuma yake.

"Doña Brígida, wewe huwa hulali. Nani kamchukua?"

Angeweza kusema hajui. Lakini Filomena alikuwa pale mbele, mikono kiunoni, anamtazama.

"Nimemwona," Brígida akasema. "Mtu mfupi. Ana kofia."

"Eeeh?"

"Na pikapu. Nyekundu."

Watu wafupi wenye kofia pale kwetu ni nusu ya mji. Lakini pikapu nyekundu mtaani ilikuwa moja tu, ya Wulfrano, mbeba maua. Kabla ya saa sita mchana jina lake lilikuwa limeoza. Muuza chapati alimpimia za jana. Tiburcio alipanda kwenye pikapu yake akanusa kila pembe, akatoka na petali moja, akaishika juu kana kwamba kaokota sikio la nguruwe.

Wulfrano ni mtu mpole, lakini upole nao una ukuta wake. Alasiri alikuja barazani kwa Brígida, kofia mkononi, na mtaa mzima ukamfuata ili usikose.

"Mama, usiku wa jana ulikuwa macho?"

"Kama kawaida."

"Basi ulinisikia nikigonga. Mke wangu jino lilikuwa linamuua, nikaja kukuomba karafuu. Nimegonga mpaka vidole vikauma. Nikazunguka dirishani nikuite."

Brígida akashika kichwa kimoja cha Yesu, akaanza kukifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Ukasikia nini?" Filomena akauliza haraka.

Wulfrano akawageukia watu. "Jana sikuelewa. Leo ndiyo naelewa. Nguruwe yumo humu ndani! Nimemsikia kwa masikio yangu, anakoroma!"

Tiburcio akapiga hatua kuelekea mlango wa chumbani.

"Tiburcio, usithubutu," Brígida akasema.

"Mama, ama una nguruwe humo ndani, ama utuambie nani alikuwa anakoroma."

Nilimwonea huruma. Alitutazama mmoja mmoja, akawatazama na wale Yesu mezani, hakuna aliyemtetea.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakoroma. Nalala! Nalala kama maiti, tangu mwezi uliopita, na ni kutamu! Haya, nipigeni mawe."

Hatukumpiga mawe, tulicheka mpaka Tiburcio akakaa chini. Wulfrano peke yake hakucheka.

Jioni hiyo mkulima mmoja wa bondeni akapiga simu kuuliza ni nani mwenye nguruwe mkubwa anayemlia maua yake. Nguruwe alikuwa amefungua lango mwenyewe kwa pua. Siku ya sherehe tulimla hata hivyo, na wapo walioapa nyama ilinukia harusi.

Brígida alimpelekea Wulfrano sahani ya kwanza kwa mkono wake.

"Nilikosea, baba."

"Ulikosea au ulidanganya?"

"Nilidanganya. Sasa kula, isipoe."

Akala. Alichukua muda kuanza kumsalimia tena, na haki yake.

Baada ya siku chache Filomena akaja barazani, saa ambayo hapana wateja. Tulitegemea aje kujigamba, maana cheo kilikuwa kimebaki kwake. Alikaa akakisogeza kidole cha plasta huku na huku juu ya meza.

"Yale majani," akasema. "Yanafanya kazi kweli?"

"Kwani wewe kweli hulali?"

"Tangu mume wangu Abundio aende New York. Miaka sita, Brígida. Ulidhani nacheza?"

Brígida akavua aproni, akamshika mkono mpaka kwa Nabor. Nabor akauliza swali lake lile lile, na Filomena akatoa mfukoni pakiti ya vidonge vya presha. Basi sapote akanyimwa, maana nayo hushusha presha, akapewa maua ya tila wanayonyweshwa hata watoto, na akaambiwa amweleze daktari wake.

"Yaani mimi nipewe ya watoto?" Filomena akalalamika njia nzima. "Wewe unywe ya wakubwa?"

"Nyamaza, shoga. Leo utalala kwangu, tuone."

"Na huko kukoroma kwako?"

"Utazoea. Wulfrano mbona alisikiliza dirishani?"

Wakaingia jikoni, wakaweka maji motoni, na tulipopita tuliwasikia wakigombania kiasi cha sukari.